Baba, nilikosea bendi

Brussels, Jumapili jioni

Kwako Baba,

Habari za nyumbani? Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanisumbua. Mwambie Mama pesa nilituma Ijumaa, na unga wa bukari bado ninao, asiwe na wasiwasi.

Nakuandikia juu ya ule muziki niliokutumia kwenye simu, ule uliouita makelele ya watoto wenye hasira. Ulikuwa na haki. Bendi zinazoitwa Placebo ziko mbili, na mimi nilikutumia ile ya roki ya Uingereza iliyoanza miaka ya 1990. Kinachochekesha ni kwamba hata mwimbaji wao, Brian Molko, alizaliwa hapa hapa Brussels. Lakini Placebo niliyotaka uisikie ni ya Wabelgiji, na ilikuwa imekwisha kuvunjika karibu miaka ishirini kabla ya hao wengine kuanza.

Kiongozi wao alikuwa mpiga kinanda, Marc Moulin. Walitoa albamu tatu tu. Ya kwanza, Ball of Eyes, ilitoka 1971, mwaka ule tuliogeuzwa kuwa Zaïre. Ya mwisho ni ya 1974, mwaka James Brown alipokuja Kinshasa, safari unayoisimulia mpaka leo kana kwamba ulikuwepo uwanjani, na sote tunajua ulikuwa kwetu Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo.

Nikueleze wanavyopiga. Besi inatangulia, nzito, haina haraka hata kidogo. Juu yake Moulin anagusa kinanda cha umeme, sauti mbili tatu, kisha anaacha. Anaacha kweli! Mwingine angejaza pale, yeye anakuachia nafasi upumue. Halafu matarumbeta na saksofoni vinaingia kwa pamoja, kama fanfare, ile bendi ya matarumbeta ya kanisa la Wakimbangu, inapokata kona ya barabara yetu na kukukuta hujajiandaa. Mpiga tarumbeta ni Richard Rousselet. Sikiliza wimbo unaoitwa Humpty Dumpty, utaniambia. Jazi imo, ila kiuno hakikai kimya.

Nikiwauliza Wabelgiji kazini, hawaijui. Mzee mmoja aliyezaliwa hapa aliniambia, "Moulin? Yule wa redioni?" Kweli, alifanya redio miaka mingi. Wengine wanamkumbuka kwa Telex, kundi lake la baadaye lililopiga vinanda vya elektroniki. Mwaka 1980 walipelekwa kuiwakilisha Ubelgiji kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, wakaenda wakitamani kushika mkia, wakaukosa: walikuwa wa 17 kati ya 19. Mtu mwenye mzaha wa namna hiyo, watu husahau kwamba alikuwa fundi. Alikufa 2008. Mimi naona kilichoiponza Placebo ni kukosa mwimbaji wa kuweka sura yake mbele. Na nchi yenyewe ndogo, imegawanyika lugha, nani angeipigia kelele? Walioiokoa ni wasaka santuri wa kizazi cha baadaye. Zile za zamani siku hizi bei yake inazidi kodi ya chumba changu.

Mimi nilizunguka Jumapili tatu kwenye soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle, vidole vimeganda ndani ya makasha, kabla ya kukubali kununua iliyochapishwa upya dukani. Niliposhusha sindano, nilikuona wewe. Umetoka zamu ya usiku kwenye kampuni ya migodi, Gécamines, hujavua hata viatu, unabandika sarafu juu ya mkono wa mashine ili santuri iliyopinda isiruke, na Mama jikoni anasonga bukari akifuata mdundo kwa mwiko. Nilikuwa nadhani kila nyumba ya mtaa wetu wa Kenya, pale Lubumbashi, inakula asubuhi namna hiyo.

Ndugu yangu mkubwa anarudi Lubumbashi mwezi wa kumi na mbili, nimempa santuri hiyo akuletee. Nimeifunga ndani ya sweta la Mama, kwa hiyo wasigombane: sweta ni lake, santuri ni yako. Baba Mdogo akija kuiazima, mwambie imeshaazimwa. Na tafadhali, hii ni mpya, haijapinda. Usiiwekee sarafu.

Mtoto wako