Risala ya Wanakikundi Wenye Soriasisi kwa Mgeni Rasmi, Mbagala, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu,
Walimu, wazazi, majirani, mabibi na mabwana,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, tarehe 29 Oktoba, Siku ya Soriasisi Duniani, ugonjwa wetu huu wa ngozi. Tunakushukuru nawe kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi.

Kikundi chetu kilianzia kwenye benchi. Tulikuwa wanawake wanne tunasubiri kuitwa kliniki ya ngozi, tumejifunika mikono mirefu na joto lile la Februari. Mmoja alipandisha mkono wa dera ajikune, magamba yakadondoka sakafuni, akayafuta haraka kwa kandambili. Aliyekaa pembeni yake akasema, "Acha tu dada, hata mimi." Leo tuko 23, wakiwemo wanafunzi watatu.

Mheshimiwa, soriasisi si fangasi, si ukoma, si UKIMWI, wala hatukurogwa. Kinga ya mwili inakosea, ngozi inajitengeneza upya kwa siku chache badala ya karibu mwezi mzima, na ngozi hiyo inarundikana ikawa magamba. Haiambukizi, hata mkilala kitanda kimoja. Kwa weusi wetu mabaka huonekana ya zambarau au ya kijivu, si mekundu kama yalivyo kwenye picha nyingi za vitabuni, ndiyo maana wengi wetu tulitibiwa mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, miaka na miaka. Ugonjwa hutulia, kisha hurudi. Kwa baadhi yetu umeingia hadi kwenye viungo, na asubuhi vidole havikunji.

Katibu anayesoma risala hii alipaka kwa miezi kadhaa krimu ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe wa ngozi, aliyouziwa duka la dawa bila kuandikiwa na daktari. Mwanzoni ngozi ilikuwa laini, akafurahi. Baadaye ikawa nyembamba, ikachanika michirizi mapajani, na alipoiacha ghafla mabaka yalirudi kwa kishindo mwili mzima. Dawa yenyewe si mbaya. Daktari aliyemwokoa alimwandikia ya jamii hiyohiyo, ila kwa kipimo, kwa muda, na kwa sehemu maalumu. Krimu hizohizo zinauzwa mitaani kama za kung'arisha, na hilo linatuuma sana.

Lakini kuwasha tumekuzoea. Tusichokizoea ni macho ya watu. Mwenzetu mmoja kila siku hupanda daladala kwenda Kariakoo. Konda humrudishia chenji kwa kuidondosha kiganjani kutoka juu, vidole visigusane. Msusi alimrudisha binti yetu katikati ya kusuka, nusu ya kichwa imesukwa, kwa kudhani mba yake itahamia kwa wateja. Alirudi nyumbani amejitanda kanga.

Pamoja na hayo, hatujakaa bure. Kila mwezi tunachanga, tunanunua mafuta ya mgando kwa jumla na kugawana kwenye vikopo. Tumefundishana kuoga maji ya uvuguvugu, kuacha dodoki, na kupaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Wenzetu wanne wanameza methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili inayomezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Kwa hiyo kila Jumapili jioni Mweka Hazina anawapigia simu mmoja mmoja, na anawakumbusha pia siku ya kupima damu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi, na nchi yetu ina bahati ya kuwa na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992. Utaalamu upo nchini. Tunaomba utusemee kwenye Baraza la Madiwani ili utaalamu huo utufikie huku: mafuta ya kulainisha ngozi yahesabiwe kuwa dawa na yapatikane zahanati, na mhudumu mmoja apelekwe kujifunza magonjwa ya ngozi, ajue ni nani wa kumpa rufaa mapema. Walimu tunawaomba wasimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu ya mabaka, na wamruhusu kuvaa mikono mirefu akitaka. Vijana na wanawake wetu wanaomba pia kuelekezwa namna ya kupata mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, kwani wengine walipoteza vibarua kwa ajili ya ngozi hii.

Ombi la mwisho halihitaji bajeti. Ratiba inaonyesha ukimaliza kuhutubia utatupungia na kuondoka. Tunaomba upite kwenye viti vyetu, utupe mkono mmoja mmoja, majirani wakiwa bado wamekaa.

Tunaomba kuwasilisha.