Heri ya Krismasi kutoka chini ya mwembe

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Nawaandikia leo Jumanne, 22 Desemba 2020, nimeketi kwenye kibaraza cha kanisa. Kaskazi imeshaingia, joto ni lile lile mnalolijua, na maembe ngowe yanaanguka yenyewe bila kurushiwa mawe. Salamu hizi ni zetu sote: mlio hapa Kaloleni, mlio Mombasa na Nairobi mkipiga hesabu kama nauli ya mwaka huu inabebeka, na ninyi vijana wetu mlio Doha na Dubai ambao sikukuu itawakuta zamuni. Heri ya Krismasi.

Jana jioni watoto walinivuta mkono nikaone nyota. Jua lilikuwa limetua sasa hivi, na upande wa magharibi sayari mbili, Mshtarii na Zohali, zilikuwa zimesogeleana mpaka ukitupa jicho haraka unaiona moja tu. Mwalimu wao wa shule ya Jumapili alikuwa amewaambia kwamba hazijakaribiana hivyo tangu mwaka 1623. Mtoto mmoja wa darasa la pili akaniuliza kama zimeacha ile mita moja na nusu ya kujikinga na korona. Nilicheka mpaka barakoa ikanishuka. Nikamwambia ziko mbali kupita hesabu yangu, ni sisi huku chini tunaoziona zimegusana. Akaniangalia kama mtu anayedanganywa.

Mtoto huyo hajaingia darasani tangu Machi. Anarudi 4 Januari, Mungu akipenda, na kimo cha sare yake mama yake anakijua mwenyewe.

Mara ya mwisho sisi kuketi bega kwa bega ilikuwa Jumapili ya 15 Machi, katikati ya Kwaresima. Ijumaa iliyotangulia ndiyo kisa cha kwanza cha korona nchini kilikuwa kimetangazwa, na jioni ya Jumapili hiyo hiyo Rais akafunga shule. Asubuhi tulikuwa tumepeana mikono ya amani kama kawaida, wengine tukifanyiana mzaha wa kugonganisha viwiko. Baada ya wiki moja makanisa nayo yakafungwa. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na tarehe 8 Aprili kaunti yetu ya Kilifi, pamoja na Mombasa na Kwale, ikafungwa: haingii mtu, hatoki mtu. Vijana waliokuwa wahudumu kwenye hoteli za Watamu na Malindi walikuwa wamesharudi nyumbani na mabegi yao, hoteli zikiwa hazina mgeni hata mmoja.

Jumapili ya Mitende, 5 Aprili, ndiyo niliyoogopa kuliko zote. Huku kwetu mnazi hauna bei siku hiyo. Kila mtoto huja na kuti lake bichi na maandamano hujaa barabara nzima. Nikadhani mwaka huu tutalala tu. Asubuhi nikatoka kwenda kisimani, nikakuta kuti limefungwa mlangoni kwa jirani. Mlango wa pili, kuti. Mpaka nafika kisimani nimehesabu milango kumi na moja, na mimi mwenyewe, katibu wa kanisa, kwangu mlango mtupu. Nilirudi nikakata kuti kabla ya kuchota maji. Hadi leo sijajua nani alianza, na nimeacha kuuliza.

Kisha kuna kengele. Wageni hawajui kwamba kengele yetu ni rimu ya gurudumu la lori, inaning'inia kwenye tawi, na inapigwa kwa kipande cha nondo. Mzee wetu wa kengele alikataa kabisa kunyamaza. Kila Jumapili saa nne kamili alipiga mara tatu, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemtuma. Ukiisikia, unazima redio au unaiongeza sauti kama ibada imeanza kituoni, unakusanya waliomo ndani, mnaomba. Jumapili moja mzee wa nyumba kumi alikuja kumuuliza kwa nini anaita watu kwenye kanisa lililofungwa. Akamjibu kwamba hamwiti mtu, anawaambia saa. Mzee wa nyumba kumi akaangalia simu yake, akaona kweli ni saa nne, akaondoka.

Mwezi wa Mei rimu hiyo ilipigwa siku ya Alhamisi. Tulikuwa tumempoteza babu yetu aliyeliona jengo hili likiwa la udongo na makuti. Hakufa kwa korona, ni umri. Mnajua kilio cha kwetu: siku zinaenda, masufuria ya wali hayashuki motoni, na asiyefika anaulizwa sababu mwaka mzima. Amri ilikuwa watu 15. Wanawe, wakwe na wajukuu wakubwa peke yao walipita 15. Kasisi alisimama kaburini na wachache, sisi wengine tukaambiwa kengele ikilia tusimame milangoni. Nilisimama. Nikaona upande wa pili wa bonde watu wamesimama milangoni kwao pia, kanga na mashati, hakuna aliyesema neno. Lakini nisiwadanganye kwamba ilitosha. Haikutosha. Wanawe wawili waliokuwa Nairobi walizika baba yao kwa simu iliyokatika mara tatu, na mmoja aliniambia bado hajalia vizuri. Kwaya imepanga kuimba nyumbani kwa marehemu siku ya tarehe 27, na mwanawe huyo atakuwepo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenishikisha kalamu.

Mwishoni mwa Machi baraza la kanisa liligawa nyumba. Kila mzee wa kanisa na kila mama wa Mothers' Union alipewa nyumba tano za kupitia kila wiki: unasimama uani, huingii, unauliza hali, unga upo, dawa ya presha ipo, mtoto anakohoa. Mimi ndiye niliyeandika orodha, nikaitoa kwenye daftari la washirika. Kazi ikaenda vizuri, nami nikajisifu moyoni. Fundi cherehani wetu akawa anakata barakoa kutoka kwenye kitambaa kilichobaki cha sare za kwaya, ndiyo maana nusu ya kijiji ilikuwa zambarau. Kijana mmoja aliyerudi kutoka hotelini akatundika vibuyu chirizi kwenye nyumba zote za orodha, mtungi wa lita tano na fimbo ya kukanyaga kwa mguu, na kipande cha sabuni ndani ya wavu.

Mwezi wa Juni mtoto wa kike, kama miaka tisa, alikuja kuniomba moto. Nikampa kaa kwenye kifuu. Siku ya tatu akaja tena, nikamuuliza mama yake anapika nini. Akasema leo hawapiki, wanataka moto wa kuchemsha maji tu.

Mama yule ni mpangaji kule karibu na barabara kuu, alikuja huku kuuza chakula stendi, na stendi ilikuwa imekufa tangu kaunti kufungwa. Kanisani alikuwa akikaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, miaka miwili mfululizo, na sadaka akitoa. Kwenye daftari hakuwemo kwa sababu hajawahi kuleta barua ya uhamisho kutoka kanisa la kwao, na mimi ndiye niliyemwambia, kwa mdomo wangu, kwamba bila barua siwezi kumwandika. Wiki kumi na zaidi watu walipita njia ile ile kwenda nyumba za orodha, wakapita mlango wake. Hakuna aliyekosa utu. Kila mmoja alifuata karatasi niliyoandika mimi.

Nilikwenda kumwomba radhi na kilo za unga nimeshika mkononi, nikajiona mjinga nao. Aliupokea, akanipa kigoda, akanisimulia habari za mvua. Siku hiyo nilirudi nikaliweka daftari kabatini, tukaanza kuandika upya kwa kutembea: nyumba baada ya nyumba, nani analala humo, anasali wapi au hasali. Nyumba 34 za daftari zikawa 51. Wengine si wa kwetu, wawili ni majirani Waislamu ambao wanatuchekea kila tukipita na kutuuliza kama tumekuja kuwabatiza. Wakati wa Idi wao ndio walioleta sahani.

Julai tarehe 6 Rais akatangaza nyumba za ibada zifunguliwe: watu wasiozidi 100, saa moja tu, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyepita 58. Masharti yenyewe yalipangwa na baraza la dini zote chini ya Askofu Mkuu Muheria wa Nyeri, na sina ugomvi nayo. Wale ndio wanaougua sana, au wanaobeba ugonjwa kwenda nao nyumbani. Ila hebu liangalieni kanisa letu. Watu 100 hatujawahi kuwafikisha hata kwa harusi. Ukiondoa watoto na ukiondoa wazee, tulibaki 19, na mmoja ni kasisi. Mhazini ana miaka 61, akahesabia sadaka nyumbani kwake kwenye simu, jambo lililowezekana kwa sababu mwaka huu kutumiana chini ya shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukatwi kitu. Mnaotuma ishirini ishirini, endeleeni, na mjue kuanzia Januari makato huenda yakarudi.

Jumapili ya kwanza ya kufungua, kibunduki cha kupima joto mlangoni, madirisha yote wazi, tulipotoka tukamkuta Bibi. Kiti chake cha plastiki cheupe kilikuwa chini ya mwembe ng'ambo ya njia, kanga mbili, barakoa ya zambarau, Biblia mapajani. Nikamwendea kwa upole wote nilio nao, nikamkumbusha umri. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikuja kanisani. Nimekuja kupunga upepo." Jumapili iliyofuata walikuwa wanne waliokuja kupunga upepo, kila mmoja na kiti chake, hatua mbili mbili baina yao. Ya tatu, mjukuu mmoja akageuza spika ikatazama mwembe. Kasisi alihubiri akigeuka mlangoni kila dakika mbili, shingo ikamuuma. Baadaye masharti yakalegezwa na nafasi ndani ikapatikana, lakini wale wa mwembe hawajarudi ndani, na nimegundua kwamba wanaimba vizuri zaidi wakiwa huko.

Kuhusu mavuno nitasema kidogo, maana najua walio mbali wanasubiri habari za jogoo. Mnada wa sadaka za mavuno ulifanyika kwenye simu. Ndizi na nazi zilikwenda upesi. Jogoo mwekundu ndiye aliyetuchelewesha siku tatu, kwa sababu kila ukitaka kufunga, Doha wanaongeza mia. Mwenye jogoo alikuwa anamrekodi akiwika na kutuma sauti kila alfajiri ili bei isishuke. Aliuzwa shilingi 4,300 kwa kijana wetu mmoja wa Qatar, ambaye naomba atuambie jogoo afanywe nini, kwa sababu anaendelea kula mahindi ya kanisa.

Sio habari zote ni za kuchekesha. Familia tatu zimeacha kuja na hazitaki kuambiwa. Vijana wa kiume wamezoea Jumapili bila ibada, na sioni kama spika itawarudisha. Wauguzi wamegoma tangu tarehe 7 mwezi huu, na jana madaktari wameingia pia, kwa hiyo mwenye dawa za kila siku ahakikishe anazo kabla ya Ijumaa. Wapitiaji wa nyumba wataulizia jambo hilo kesho na keshokutwa. Msiwajibu "tuko salama" kwa mazoea.

Ratiba basi. Kafyu ni saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri hadi tarehe 3 Januari, kwa hiyo mkesha wa Krismasi utakuwa Alhamisi saa tisa alasiri. Najua, mkesha wa saa tisa mchana si mkesha. Tutaimba hivyo hivyo. Ijumaa, siku yenyewe, ibada ni mbili, saa mbili na saa nne, ili tusibanane. Meza ya Bwana itakuwa mkate tu, kikombe bado. Pilau haitapikwa kanisani. Imeamuliwa kila nyumba inayopika itoe sahani moja kwa nyumba iliyoandikwa chini yake kwenye orodha mpya, na wa mwisho atampelekea wa kwanza. Yule mama wa karibu na barabara kuu ndiye nyumba namba moja. Amekataa kupokea tu. Ameniambia mahamri ya kifungua kinywa cha wanakwaya ni juu yake, na stendi imeanza kuamka.

Mwaka mpya tutaupokea kila mtu kwake. Mzee wa kengele ameulizia kama kafyu inamhusu mtu anayepiga rimu akiwa uani kwake, kwa sababu anataka kuihamisha. Sijamjibu.

Kwa walio mbali, tutawapigia Ijumaa kati ya ibada mbili. Weka simu chaji, na mtandao ukikata usikate tamaa, tutapiga tena.

Namaliza hapa maana watoto wanafagia na vumbi limenifikia. Chini ya mwembe kuna kiti cheupe cha plastiki. Bibi amemtuma mjukuu akiweke tangu asubuhi, siku tatu kabla, ili mtu asije akamchukulia nafasi yake ya upepo.

Wenu katika Kristo,
Katibu