Barua kwa mwanangu: Novemba usiende Samui

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, ratiba yako ya Thailand nimeisoma mpaka mwisho. Bangkok siku tatu, Ayutthaya siku moja, kisha kisiwa cha Koh Samui siku tano, Novemba. Hapo kwenye Samui pafute.

Nchi ile ina bahari mbili na mvua zake haziendi pamoja. Upande wa magharibi, kwenye Bahari ya Andaman, ndiko kuna Phuket, Krabi na Phi Phi. Kusi hii inayotupiga sisi ikishavuka ikweta hupinda, na kuanzia Mei hadi Oktoba huangukia pwani hiyo ikiwa na mvua na mawimbi. Kaskazi nayo hugeuza mambo: hupita juu ya Ghuba ya Thailand, upande wa mashariki, na kuimwagia Samui, na Novemba ndio mwezi wa mvua kubwa kule. Wakati huohuo Andaman inatulia. Basi siku zako tano zihamishie Krabi.

Cheti cha homa ya manjano kaa nacho mkononi, sio ndani ya sanduku. Tanzania na Kenya zote zimo katika orodha ya nchi ambazo Thailand inazidai cheti hicho, na chanjo lazima iwe imepita siku kumi. Ukishuka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, usifuate umati kwenda Uhamiaji. Tafuta kwanza kaunta ya afya, waonyeshe cheti, ndipo upange foleni. Wengi husimama muda mrefu mbele ya afisa wa Uhamiaji, kisha wanarudishwa kule nyuma kuanza upya. Fomu ya kuingia nchini siku hizi hujazwa kwenye mtandao, ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Tovuti ikikuomba hela, si yenyewe.

Bangkok, anza na Kasri Kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1782. Treni ya chini ya ardhi itakushusha Sanam Chai, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu. Lango hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Uwe umefika robo saa kabla, maana ikifika saa nne mabasi ya watalii yamejaa na jua limeshapanda. Tiketi ni baht 500, baht ndiyo pesa yao. Vaa blauzi yenye mikono na sketi ndefu. Kanga ya kujitanda juu ya mabega wazi hawaikubali pale, wanataka mkono ulioshonwa. Njiani atakuja bwana nadhifu, Kiingereza chake safi, akuambie kasri limefungwa leo kwa sababu ya sherehe, na kwamba bajaji yake itakuzungusha mahekalu mengine kwa bei ya bure. Mwisho wa safari hiyo ni duka la vito. Usibishane naye, nenda tu mpaka langoni ukajionee.

Ndani ya kasri, katika hekalu la Wat Phra Kaew, kuna Buddha wanayemwita wa Zumaridi. Si zumaridi, ni jiwe la kijani lililochongwa zima, kimo chake sentimita 66 tu, nalo limewekwa juu sana hata wengi hutoka wakisema hawakuona kitu. Sogea upande, kaa chini, uangalie nguo. Anazo jozi tatu, za joto, za mvua na za baridi, na mfalme ndiye anayembadilisha. Ya baridi, anayovalishwa karibu na Novemba, ni wavu wa dhahabu unaomfunika mpaka mabegani. Ukikaa, kunja miguu nyuma kama unavyokaa kwenye tahiyatu. Nyayo hazielekezwi kwake. Kizingiti cha mlango unakiruka, hukikanyagi. Picha ndani ya ukumbi ule ni marufuku.

Hekalu la Wat Pho liko jirani, baht 300. Sanamu la Buddha aliyelala lina mita 46, na kila mtu hupiga picha uso akaondoka. Wewe zunguka hadi kwenye nyayo: zimepambwa kwa gamba la chaza, alama 108, kila moja katika kisanduku chake.

Sasa Wat Arun, na hapa chukua muda wako. Nenda gati la Tha Tien, upande kivuko, dakika chache uko ng'ambo ya mto. Mnara wake kwa mbali ni kama umechongwa. Karibia, uweke jicho shibiri moja kutoka ukutani: ni vipande vya sahani na bakuli za kaure ya Kichina, vingine vikiwa bado na ua la buluu katikati, vimepangwa kuwa petali na majani. Ni kaure iliyokuwa ikipakiwa chini ya majahazi ya kutoka China ili yasiyumbe. Watu wa pwani yetu walizijengea kaure kama hizo kwenye makaburi ya nguzo, na Kunduchi na Mambrui alama zake zipo hadi leo. Ngazi za mnara ni za wima mno, viatu vya kisigino acha hotelini.

Ayutthaya nenda kwa treni ya daraja la tatu, ni kilomita 80 hivi na nauli haifiki baht 50. Ulikuwa mji mkuu tangu 1350 mpaka Waburma walipouchoma 1767. Kodi baiskeli karibu na stesheni, maji lita mbili, uondoke kabla ya saa sita mchana maana kivuli ni haba. Kichwa cha Buddha kilichoshikwa na mizizi ya mti kiko Wat Mahathat. Ukipigwa picha hapo chuchumaa, kichwa chako kisipite chake. Na yale masanamu yasiyo na vichwa, usisimame nyuma yake ukaweka wako; walinzi watakukaripia mbele ya watu.

Krabi, shukia Ao Nang upande mashua ya kwenda ufuo wa Railay. Hakuna barabara, miamba imeziba. Mashua ni ya mbao, ina injini ya gari na mhimili mrefu wa propela nyuma, na haiondoki mpaka abiria watoshe. Maji yakipwa haifiki ufuoni, utashuka majini mpaka magotini, kwa hiyo vaa kaptula na begi libebe begani. Mwishoni mwa ufuo wa Phra Nang kuna pango ambamo wavuvi huweka sadaka za mbao zenye umbo ambalo sitaliandika hapa.

Maya Bay, ghuba ndogo kwenye visiwa vya Phi Phi, ilifungwa 2018 matumbawe yapumue, ikafunguliwa 2022, na kila Agosti na Septemba hufungwa tena. Kiingilio baht 400. Huogelei pale, unaingiza miguu tu. Mafuta ya jua yenye kemikali za oxybenzone au octinoxate ni marufuku katika hifadhi za bahari. Soma chupa kabla hujainunua. Bendera nyekundu ikipepea ufuoni usiingie. Mkondo ukikuvuta nje usipambane nao, ogelea sambamba na ufuo mpaka uutoke. Konyeza akikuchoma, mwaga siki. Usisugue mchanga wala kumwagia maji baridi ya kunywa.

Chakula cha halali Krabi hakina taabu, Waislamu ni wengi. Pilipili ndiyo itakayokutesa: sema "mai phet", yaani isiwe kali, nao watapunguza, si kuondoa. Na saa zao za usiku utazielewa haraka kuliko Wazungu, kwani wao pia huanza kuhesabu saa moja jioni. "Song thum" ni saa mbili usiku, kamili kama yetu.

Sanamu ya Buddha usininunulie, kuitoa nchini kunataka kibali cha serikali. Niletee hariri, kipande kimoja tu. Kabla ya kulipa omba uzi wa pembeni uuchome: wa hariri hunuka kama nywele na jivu lake husagika vidoleni, wa nailoni huyeyuka ukawa kidonge kigumu.

Mama yako