Barua kwa kaka yangu aliyeko Houston

Kaka,

Agosti 9, 2025, Mariners, timu yetu ya besiboli hapa Seattle, walipoistaafisha namba 51 ya mchezaji wao Ichiro, asiivae mwingine tena, nilikuwa mbele ya runinga na wanangu. Nikakukumbuka wewe kabla ya kumkumbuka yeye, na hasira ikanirudia. Miaka 13, na bado.

Julai 23, 2012 unaijua. Tulipanda treni pale Tukwila, wewe na jezi yako ya 51, mimi na mfuko wangu wa njugu, na habari tunayo kwenye simu: Ichiro kauzwa New York, na New York ndio waliokuwa wageni wetu usiku uleule. Kahama chumba tu, uwanja ni mmoja. Katokea na jezi ya kijivu, mgongoni 31. Zamu yake ya kupiga ilipofika akavua helmeti, akainama upande huu, akageuka akainama upande ule. Watu wote wima. Machozi yanakutiririka, mimi nimekaa namenya njugu. Ukanigonga bega: "Simama, bwana. Mpe mwenzio heshima yake." Nikakujibu, anayehama hapigiwi makofi. Na sikukosea, maana palepale kapiga, kafika besi ya kwanza, kituo cha kukimbilia, kisha akaiba ya pili, yaani akaichomokea bila mwenzake kupiga mpira. Kuiba besi ni mchezo, najua. Lakini atuibie sisi?

Neno lako ulilitamka stesheni, tukingoja treni ya kurudi. Umepata kazi ya malori Houston, unaondoka Jumamosi. Jumamosi ipi? Hiihii. Kumbe ulikuwa nalo moyoni tangu asubuhi. Makofi yale ulikuwa ukiniomba yako.

Nikakuita mtoro. Neno silifuti, ila ningelisema kwa sauti ya chini; watu walikuwa wakitutazama.

Nikushauri, kwa kuwa na wewe sasa una kijana, na siku moja atakuhama: mfundishe kuaga nyumbani kwanza. Ichiro mwenyewe ndiye aliyeomba kuuzwa, akasema anawapisha vijana. Wewe ulimpisha nani? Pale Kent nani alibaki wa kumpeleka ami kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa kumi na moja alfajiri, mvua ikinyesha? Hela ulituma, sikatai, hukuchelewesha hata mwezi mmoja. Hela haiendeshi gari. Edgar Martinez alicheza misimu 18, timu moja tu, hii yetu, wakampa barabara yenye jina lake kando ya uwanja. Mimi sijapewa hata kichochoro. (Wasomaji mnisamehe, haya ni ya nyumbani.)

Na hiyo Texas ina nini? 1998 ilimchukua mrushaji wetu Randy Johnson, hukohuko Houston. Kisha Alex Rodriguez, naye wa kwetu, akaenda kwa Rangers, timu nyingine ya huko Texas, kwa dola milioni 252, na aliporudi kucheza kwetu Aprili 2001 watu wakamrushia noti bandia. Ulinisimulia huku unacheka mpaka unakohoa, mimi ndiyo kwanza nimefika nchi hii, gongo na besi sizitofautishi. Ni wewe uliyenifundisha kuweka hesabu ya mchezo kwa penseli. 2004 tulihesabu mapigo ya Ichiro pamoja mpaka 262, akaivunja rekodi ya msimu mmoja iliyokaa tangu 1920, na ami akatuuliza kama tumeshinda bahati nasibu.

Ami hakukukasirikia, nikwambie ukweli. Ukipiga simu, alikuwa anavaa kofia kwanza ndipo apokee, kana kwamba simu ile ina macho. Mimi nilikuwa palepale jikoni, namsikia anacheka nawe. Baada ya simu ananiuliza mimi dawa ziko wapi.

Nyota wetu Griffey aliondoka 2000, akarudi 2009, umri umekwenda, mbio hana, na tukampokea. Ichiro akarudi 2018. Jezi ya Randy Johnson nayo walitangaza kuistaafisha 2026. Njoo. Kitanda cha ami hakijatolewa, shuka nitabadilisha. Lakini tangu 2013 timu ya huko kwenu imo kundi moja na yetu, na kijana wangu mdogo hana mzaha kwa hilo: ukija na kofia ya Astros, utalala garini.