Kwa nini spika ya ukutani hung'oka na plasta yake

Spika ya hom thieta haina uzito wa kutisha. Zile ndogo za plastiki ni nusu kilo hadi kilo moja, za mbao za wastani kilo tano au sita. Ukuta wa tofali hauhisi mzigo huo. Hata hivyo spika huanguka, na ukiiokota sakafuni utakuta skrubu bado imeshika fisha (ile plagi ya plastiki inayotiwa tunduni kabla ya skrubu), na fisha imebeba kipande cha plasta. Tofali halikuguswa kabisa.

Fisha ya kawaida ya namba 8 ina urefu wa milimita 40. Plasta ya ndani huwa milimita 15 hadi 25, na pale ukuta ulipopinda fundi huongeza lipu, yaani plasta hiyo hiyo, mpaka ukuta unyooke, kwa hiyo si ajabu kukuta milimita 40 za plasta tupu. Fisha nzima inakuwa imekaa kwenye lipu. Siku ya kwanza inashika vizuri, hata ukiivuta kwa mkono. Kisha besi inaitikisa kila jioni, mtoto anavuta waya mara moja, na plasta inaachia.

Kwa hiyo kabla ya kupima urefu au pembe, jua unene wa plasta yako. Toboa taratibu kwa biti ya milimita 8 na sikiliza mkono: drili ikitoka kwenye plasta kuingia kwenye tofali, mshindo wake hubadilika. Weka alama ya tepu kwenye biti hapo ilipobadilika. Kuanzia alama hiyo, milimita 40 au zaidi za fisha ziwe ndani ya tofali. Kwa kuta nyingi hii ina maana ya kuacha fisha ya 40 na kuchukua ndefu ya 60 au 80, pamoja na skrubu ya milimita 5 inayopita mwisho wa fisha kidogo. Shimo liwe na kina cha milimita 10 zaidi ya fisha, maana vumbi hujaa mwishoni. Lipulize kwa pampu au mrija (macho pembeni), kwa sababu fisha iliyozungukwa na vumbi huzunguka bila kushika.

Tofali lenye matundu litoboe bila nyundo, drili izunguke tu. Ukiwasha nyundo, ukuta mwembamba wa ndani ya tofali huvunjika na shimo la 8 huwa la 15. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe Zanzibar au Mombasa, nazo zina tabia yake: jiwe ni laini na kiungo cha chokaa humomonyoka. Hapo tafuta jiwe lenyewe, epuka kiungo, na tumia biti ya milimita 7 kwa fisha ya 8 ili iingie kwa kubana.

Ukuta wa jipsamu hautaki fisha za tofali hata kidogo. Pitisha sumaku ndogo ukutani; itanasa kwenye skrubu zilizofunga ubao, na nyuma ya skrubu ndipo palipo na fremu ya chuma, kwa kawaida kila sentimita 40 au 60. Funga hapo. Spika chini ya kilo mbili inaweza kukaa katikati ya fremu kwa nanga zinazofunguka nyuma ya ubao. Nzito zaidi ya hapo, hapana.

Vigingi vya mbao na misumari ya zege, sisi mafundi wa kufunga spika tunavitoa kila tunapovikuta. Mbao hunywea ikikauka, na msumari wa zege hupasua plasta kuzunguka tundu lake.

Usitoboe juu wala chini ya soketi au swichi kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa waya za umeme hushuka au kupanda humo. Nyuma ya ukuta wa bafu fikiria mabomba. Drili ikigoma ghafla karibu na usawa wa juu wa mlango, umekutana na linta, boriti ya zege iliyo juu ya mlango, na huenda ni nondo yake. Sogea sentimita tatu, usilazimishe.

Sasa urefu. Kosa tunaloliona zaidi ni spika za mbele kupandishwa karibu na dari, sauti ya mwigizaji ikatoka juu wakati mdomo wake uko chini. Twita ya spika za mbele, ile koni ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio la aliyekaa, yaani sentimita 95 hadi 105 kutoka sakafuni kwa sofa nyingi. Kama kabati linazuia, panda lakini weka breketi ya kuinamisha na uielekeze kwenye kiti. Ukikaa mita 3 kutoka kwenye televisheni, spika mbili za mbele ziachane mita 2.4 hadi 3.4. Za pembeni ziwe ubavuni mwa kiti au nyuma yake kidogo, sentimita 30 hadi 60 juu ya sikio. Sofa ikiwa imeegemea ukuta wa nyuma, zifunge kuta za kushoto na kulia. Ukizifunga nyuma ya kichwa, utasikia spika moja tu, iliyo karibu na sikio lako.

Angalia pia mgongo wa spika. Ikiwa na tundu la besi nyuma, usiibandike ukutani: sauti itakuwa ya pipa. Itafutie breketi inayoacha angalau sentimita 10, au kaa na spika yenye tundu mbele. Zile zenye tundu la kuning'iniza hutaka kichwa cha skrubu kibaki nje milimita 5 hadi 8. Gundisha vipande viwili vya mpira chini ya mgongo, la sivyo zitapiga kelele zake zenyewe ukutani. Sabufa haitundikwi. Ibaki sakafuni.

Waya: milimita 1.5 za mraba, shaba tupu, inatosha mpaka mita 15 kwa spika ya omu 8. Kwa omu 4, gawa urefu huo kwa mbili. Kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake ni mkubwa zaidi. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye spika tano hula karibu mita 26, nunua 30. Usiipitishe kwenye bomba moja na umeme. Ziachane sentimita 30, na zikikutana zikatane msalaba.

Ukimaliza, gusa ncha za waya kwa betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja tu, waya ukiwa umechomolewa kwenye ampu (amplifaya): chanya kwenye nyekundu, koni isogee nje. Ikirudi ndani, waya umegeuzwa. Spika moja ya mbele iliyogeuzwa hudhoofisha besi ya mbele, na watu hulaumu mashine.

Nyumba zilizo karibu na bahari zitumie skrubu za chuma kisichoshika kutu. Za njano huacha machozi ya kahawia ukutani.

Ukitaka tuje kufunga, tutumie picha ya ukuta mzima ukiwa na soketi zake, picha ya mgongo wa spika, umbali kutoka kwenye kiti hadi kwenye televisheni, na utuambie ukuta ukigongwa kwa kifundo cha kidole unalia vipi.