Barua kwa swahiba: vibati 120 vya funguo

Tanga

Swahiba yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imefika, na picha ya vibati nimeitazama vizuri. Kwenye kibati kimoja 7 imekatika katikati, kwenye kingine 4 imenenepa kama imeandikwa kwa mkaa, ilhali faili ni moja, biti, yaani kisu cha kuchongea, ni moja na vyote vimechongwa kwa mpigo mmoja. Unauliza kama ununue mashine kubwa zaidi. Usinunue. Hiyo 3018 uliyo nayo, mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, inatosha kabisa kuandika namba kwenye vibati 120 vya funguo za gesti. Shida yako ni kimo: nyuso za vibati hazikai usawa mmoja.

Piga hesabu uone. Biti yako ya V ina pembe ya digrii 60 na ncha ya mm 0.1. Ukiizamisha mm 0.15, mstari unatoka na upana wa mm 0.27. Kibati kikiwa juu kwa mm 0.1, ambao ni unene wa karatasi moja ya kuandikia, biti inazama mm 0.25 na mstari unafika mm 0.39. Kikiwa chini kwa kiasi hichohicho, unapata mm 0.16. Kwa hiyo karatasi moja juu na moja chini inatosha kufanya mstari mmoja uwe mnene zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Biti ya digrii 30 haibadiliki sana hivyo, ni kati ya mm 0.13 na 0.23, lakini ncha yake ni nyembamba na koleti, yaani kishikio cha biti, ikiyumba kidogo tu inavunjika. Baki na ya 60, urekebishe mahali vibati vinapokaa.

Kibao chako cha MDF, ile mbao ya unga ulioshindiliwa, kiondoe. Hapo Mombasa hewa ina unyevu, na MDF inavimba. Kibao ulichokisawazisha Jumatatu si kile utakachokikuta Alhamisi. Tafuta akriliki, ile plastiki ngumu, ya mm 6, uifunge kwenye kitanda cha mashine kwa bolti nne, kisha uchonge vikao vya vibati kwa mashine hiyohiyo, kibao kikiwa hapohapo. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika barua hii. Reli za mashine ndogo hazijanyooka kikamilifu, na kitanda nacho kina mabonde yake. Sakafu ya kikao ikichongwa na mashine yenyewe inafuata kasoro zilezile ambazo biti itazifuata wakati wa kuandika, kwa hiyo umbali kati ya ncha na uso wa kibati unabaki uleule. Ukishakifungua kibao hata mara moja, faida hiyo imepotea. Kifunge tena, kisha upitishe biti kwenye sakafu zote ikwangue mm 0.1.

Vibati vyako, vya alumini na vya brasi, ni vya duara, kipenyo mm 30, unene mm 1.5, na tundu la mm 4. Pima kumi kwa kalipa kabla ya kuchonga chochote, uchukue kipimo cha kilicho kikubwa kuliko vyote. Kama ni 30.0, fanya kikao kiwe mm 30.2, kina mm 1, ili uso wa kibati ubaki juu ya kibao kwa nusu milimita. Duara huzunguka ovyo ndani ya kikao, kwa hiyo acha kisiki cha mm 3.8 kisimame pale tundu litakapokaa. Ndicho kitakachozuia namba zisitoke upande. Lakini angalia: tundu lako liko mm 10.5 kutoka katikati, kwa hiyo nafasi kati ya kisiki na ukuta wa kikao ni mm 2.7 tu. Biti ya kawaida ya mm 3.175 haipiti hapo. Tumia ya mm 2 yenye ukali mmoja, kina mm 0.3 kwa mkupuo, mwendo mm 500 kwa dakika. Ukienda polepole sana akriliki inayeyuka na kuganda kwenye biti. Chonga pia kijipengo pembeni mwa kila kikao, ukucha uweze kuingia wakati wa kutoa kibati.

Panga vikao sita kwa vinne, umbali mm 36 kutoka kitovu hadi kitovu. Hapo una vibati 24 kwa mpigo mmoja, na mipigo mitano inamaliza 120. Najua eneo la mashine la mm 300 kwa 180 linakushawishi uongeze safu; acha, maana bolti zinahitaji nafasi, na kosa moja kwenye kibao kilichojaa ni hasara kubwa zaidi.

Kushikilia: tepu nyembamba ya gundi pande mbili, kipande kimoja chini ya kila kibati, kisha kandamiza kwa kipande cha mbao kilichonyooka. Kabla ya hapo pitisha msasa namba 400 mgongoni mwa kila kibati. Vibati vilivyokatwa kwa mashine ya kugonga huwa na ukingo mkali upande mmoja, na ukingo huo ndio unaoinua kibati bila wewe kuuona. Chembe moja ya unga wa chuma chini yake hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo brashi iwe mkononi kila unapobadilisha.

Sasa sifuri ya Z, yaani kimo ambacho mashine inakihesabu kuwa uso wa kibati. Ulisema kipimaji cha waya hakikufanya kazi na biti ikajichoma kwenye kibati. Si kipimaji kibovu. Alumini iliyotiwa rangi kwa anodaizi, yaani kwa dawa na umeme, ina ngozi isiyopitisha umeme, kwa hiyo mashine haikujua kwamba imegusa na ikaendelea kushuka. Weka juu ya kibati sahani ndogo ya chuma unayoujua unene wake, uguse hiyo kwa G38.2, amri ya kushuka hadi kugusa, kisha uandike unene huo, tuseme mm 2, kwa amri G10 L20 P1 Z2. Vibati vya brasi, ile shaba ya rangi ya dhahabu, havina shida hiyo; unagusa moja kwa moja.

Kwa kuchonga alumini, mota ya 775 izunguke kwa kasi yake yote, kama mizunguko 10,000 kwa dakika. Mwendo mm 200 kwa dakika, kushuka mm 50, na kina cha 0.15 ukigawe mikupuo miwili. Dondosha spiriti kidogo, la sivyo alumini inajibandika kwenye ncha, na kuanzia hapo biti inararua tu. Brasi chonga kavu, ila vaa miwani, maana chembe zake ni kama sindano, na nawa mikono kabla ya kula kwa sababu brasi nyingi za kuchonga zina madini ya risasi ndani.

Ila kwa vibati vyeusi vya anodaizi, ushauri wangu wa kweli ni huu: weka biti ya V kando, ununue biti ya almasi ya kuburuta, ile yenye springi. Haizunguki, inakwaruza tu, na namba inatoka nyeupe juu ya weusi bila kuhitaji rangi. Ishushe mm 0.3 chini ya pale inapogusa. Springi inajikunja na tofauti ndogo za kimo zinamezwa. Mwendo unaweza kufika mm 600 kwa dakika. Namba ya tarakimu tatu yenye njia ya mm 54 inachukua kama sekunde 5, wakati kwa biti ya V, mikupuo miwili, ni zaidi ya nusu dakika. Hakikisha tu faili halina M3, amri ya kuzungusha mota. Almasi ikizungushwa imekwisha. Na usiandike herufi fupi kuliko mm 2, kwa kuwa springi ina mchezo kidogo wa pembeni na herufi ndogo zinapinda.

Maandishi yawe ya mstari mmoja. Fonti za kawaida zinachora ukingo wa herufi pande zote mbili, unapata namba yenye tumbo tupu na muda maradufu. Inkscape, programu ya kuchorea, inazo fonti za mstari mmoja za Hershey kwenye menyu ya viongezi. Hizo ndizo zako. Ukiona 0 na 8 hazifungi, usilaumu fonti: nati ya skrubu ya X au Y, yaani ya kwenda kando au mbele na nyuma, ina mchezo. Kaza ile yenye springi.

GRBL, programu inayoendesha mashine yako, haina amri ya kurudia kipande cha programu, kwa hiyo kila namba lazima iandikwe kamili kwenye faili. Fanya kila safu ya vibati sita iwe faili lake. Umeme ukikatika unajua umekwama safu ipi, na huhitaji kutafuta mstari kati ya maelfu. Sifuri iweke kwa amri ya G54, isiwe ya G92, kwa sababu G54 inabaki kwenye kumbukumbu hata mashine ikizimwa na G92 inafutika. Lakini G54 haina maana kama mashine haijui iko wapi, kwa hiyo ifungie mashine swichi za mwisho wa reli, washa $22=1, mpangilio wa kuifanya itafute mwanzo wake, na kila baada ya umeme kurudi anza na $H, amri ya kuipeleka huko. Zima pia usingizi wa laptopu. Ikilala, kazi inasimama katikati ya namba.

Kabla ya mpigo wa kwanza, paka vibati vinne vya kwenye pembe nne za kibao wino wa maka na uendeshe faili kwa kina cha mm 0.02. Wino ukikwanguka sawasawa kwenye pembe zote nne, endelea. Ukikwanguka pembe tatu tu, toa kile cha nne uangalie chini yake kwanza.

Vya brasi vikishachongwa, osha kwa sabuni, vikauke, jaza rangi ya mafuta, kisha futa uso kwa kadi ngumu rangi ikianza kushika. Msasa upitishe baada ya rangi kukauka kabisa, la sivyo unaivuta itoke kwenye mistari.

Niandikie ukishachonga vikao, unipe vipimo vya kalipa vya vile vibati kumi. Kama kuna vinavyopishana zaidi ya mm 0.05 kwa unene, vitenge makundi mawili na kila kundi uliwekee sifuri yake.

Wasalaam,
Swahiba wako