Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi, Tunduma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko. Tumesikia umecheleweshwa na foleni ya malori. Pole sana, ingawa foleni hiyo ndiyo tuliyopanga kuizungumzia leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mji wetu unapitiwa na njia tatu za kwenda Zambia. Ipo barabara kuu kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Lipo bomba la TAZAMA, lililoanza kusukuma mafuta hadi Ndola mwaka 1968. Ipo na TAZARA, reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa mkopo wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Bomba na reli vilizaliwa na siasa. Walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilibaki na shaba yake huku njia za kusini zikiwa mikononi mwa mahasimu. Bahari ya kukimbilia ikawa yetu.

Leo mwenye shaba ana pa kuchagua. Bandari ya Durban ipo, ya Beira ipo, ya Walvis Bay ipo, na reli ya Lobito kule Angola, iliyokwamishwa na vita kwa miaka mingi, imerudi kubeba shaba ya Kongo hadi Atlantiki. Darasani tunakariri kwamba Tanzania imepakana na nchi nane. Ni kweli, na mtihani tutajibu hivyo hivyo, ila mwenye mzigo huhesabu siku, si majirani. Lori likilala mpakani, dereva anataka posho na wenye meli wanazidi kudai malipo ya kuchelewesha kontena lao.

Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa mwaka 2019, kimesaidia: lori hukaguliwa mara moja, upande linakoingia. Lakini foleni umeiona mwenyewe. Kinachotushangaza zaidi ni reli. Upana wake, milimita 1,067, ni sawa na wa reli za Zambia na za Katanga kule Kongo, kwa hiyo behewa linaweza kutoka bandarini hadi migodini bila kupakua. Mbona basi shehena kubwa ingali barabarani, ikipita mbele ya geti la shule?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ombi letu ni moja: mwalimu wa Kifaransa. Madereva wa Lubumbashi, Kongo, tunaelewana nao kwa Kiswahili, hata kama chao wakati mwingine kinatuchekesha. Hati za mizigo yao, hata hivyo, nyingi ni za Kifaransa, na kijana wa hapa anayetaka kazi kwa mawakala wa forodha hukwama hapo. Sisi tunaondoka, hatutakisoma. Tunawaombea wadogo zetu wa kidato cha kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.